Mkonga Unaoning'inia

Fundi Kheri aliinua mkonga wa simu ya sebuleni, akasikiliza. Kimya.

"Modemu nimeitukana bure, mama. Laini ndiyo haina mlio. Kuna simu nyingine humu ndani? Huenda mkonga wake umeachwa wazi, unaziba laini."

"Ipo chumbani," alisema Bi Siwema.

Barua pepe ya mwisho ya mwanawe Idarusi ilikuwa ikimsubiri mtandaoni tangu wiki ya msiba.

Chumbani, mkonga ulining'inia kando ya kitanda, vile vile alivyouachia alipopigiwa kuambiwa kuwa Idarusi amefariki. Wanawake waliokuja kumliwaza walifagia wakiuzunguka. Hakuna aliyethubutu kuugusa.

"Umeiona, mama?"

"Nimeiona."

Bi Siwema alipiga magoti, akaurudisha mahali pake. Sebuleni modemu ikaanza kulia, naye akabaki sakafuni, kiganja juu ya simu.