Shubiri ya Pili

Nyumba za mtaa ule zilishikana bega kwa bega, na kuta zake zilihesabu pumzi za waliomo. Mtu akizaliwa, ukuta uliipa nyumba yake shubiri moja kutoka kwa jirani. Akifa, jirani aliipata shubiri yake. Kuta hazikuwahi kukosea.

Jumamosi asubuhi Tunsume, aliyeishi na mama yake tu, aliusikia ukuta wa chumba cha mama ukikwaruza sakafu. Hakushangaa, kwani jirani yao, Mama Lusajo, alikuwa amejifungua juzi. Alikivuta kitanda, mgongo ukimuuma kwa miezi minane ya kumgeuza na kumwogesha mgonjwa.

"Taratibu, mimi si gunia la viazi," mama alilalamika.

"Gunia lingenyamaza, mama."

Ukuta ukasimama. Kisha ukaanza tena.

"Dada Tunsume!" Mama Lusajo alipaza sauti kutoka upande wa pili. "Huu ukuta una wazimu? Nimezaa mmoja, si mapacha!"

Tunsume alikivuta kitanda tena, mpaka kikagota mlangoni.

"Na uji wangu umepoa," mama alisema.

"Naupasha sasa hivi."

Lakini aliketi kitandani, akaweka kiganja juu ya kifua cha mama yake. Kilipanda, kikashuka, kikapanda, bila shida yoyote.

Taratibu akakihamishia kiganja kwenye kifua chake mwenyewe.