Kilio cha Shangazi Naserian

Richard alimlilia shangazi yake mara tatu mbele ya kioo cha choo cha maktaba, na mara zote tatu machozi yaligoma. Tusimlaumu. Alikuwa amemfahamu shangazi huyo kwa nusu saa tu.

Chanzo kilikuwa tangazo la kanisani. Mzee Gadiel wa kule juu ya Makumira amefariki, na mwanawe wa kiume, Elirehema, alipotelea machimboni Mererani miaka thelathini iliyopita. Kama aliacha mtoto, ajitokeze siku ukoo utakapokaa, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Fungu lake lipo: migomba, kahawa, na ardhi kando ya lami.

Richard ni dalali wa viwanja pale Kimandolu. Aliposikia "kando ya lami" alijisikia yatima papo hapo. Kabla sadaka ya pili haijapita, alikuwa ameshapata baba. Kufika Jumatano, alikuwa ameshapata na mnunuzi.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Ukoo ule haukutaka vyeti wala vipimo vya damu. Karatasi, walisema, hata shetani anazo. Walikuwa na mtihani wao wa tangu zamani. Mtoto aliyekulia ugenini hupelekwa mgombani, kwenye makaburi ya nyumbani ambayo misalaba yake ya mbao ilishaoza, awataje waliolala pale mmoja mmoja. Kama kweli ni damu yao, basi baba yake alimsimulia.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Richard, ambaye kitabu chake cha mwisho kilikuwa cha darasa la saba, akaingia maktaba ya mjini siku ya Ijumaa. Mezani alikuwepo mama mmoja wa makamo, kavaa sweta, miwani imefungwa kamba shingoni.

"Shikamoo mama. Natafuta historia ya ukoo wa babu yangu, mzee Gadiel wa Makumira."

"Marahaba." Mama alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ni babu yako kwa nani?"

"Kwa baba yangu, Elirehema."

"Na hakukusimulia habari za nyumbani?"

"Alitutoka mapema, mama. Nilikuwa mdogo mno, hata sura yake siikumbuki."

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Richard aliichukulia hiyo kuwa huruma, akaifurahia.

"Ipo," mama alisema. "Koo nyingi za huku ziliandika habari zao zikatuletea tuzitunze. Ila faili liko stoo, na mwenye ufunguo ameshatoka. Njoo Jumatatu mchana."

Jumatatu mchana faili lilikuwa mezani linamsubiri. Lilikuwa na karatasi tano za taipu, zimegeuka njano kwa uzee, na ya sita nyeupe, imeandikwa kwa mkono. Richard alifurahi kuona nchi hii bado ina watu wenye mwandiko unaosomeka.

Alinakili kama mtu anayelipwa. Babu Gadiel, mahali alipojitengea kaburi, upande wa mlimani. Bibi Ndekusara, kushoto kwake. Mapacha waliokufa wachanga, karibu na mfereji. Watoto wawili waliokua: Elirehema, na Hanna aliyeolewa Themi. Huyo Hanna alimruka, maana mtihani ulikuwa wa marehemu.

Karatasi ya sita ndiyo iliyomfanya ajilambe midomo. Naserian, dada yao mdogo, alikufa kwa surua akiwa na miaka saba. Amelala chini ya mparachichi. Mama yake hakutaka atajwe mbele ya wageni, kwa hiyo wanaomjua ni watu wa nyumbani tu.

Watu wa nyumbani tu. Richard alitaka kumkumbatia yule mama wa maktaba. Hakufanya hivyo, wala hakumuuliza jina. Nani anauliza jina la kabati? Alimwambia Mungu akubariki, akaenda chooni kufanya mazoezi. Mara ya nne alifikiria dalali mwingine akiiuza ile ardhi, na hapo machozi yakaja yenyewe.

Jumamosi mlima Meru ulikuwa umejifunika wingu. Mshili, yaani mkubwa wa ukoo, alimtangulia mgombani na fimbo yake, wazee wakafuata nyuma.

"Babu Gadiel," alianza Richard. "Bibi Ndekusara, huyu kushoto. Na mapacha wetu, pale mferejini."

Vichwa vilitikisika. Bibi mmoja alishaanza kumwita mjukuu wangu. Hapo mtu mwenye akili angenyamaza, akala pilau la watu, akarudi mjini na shamba lake. Lakini Richard alikuwa na shangazi, na machozi aliyoyafanyia mazoezi hayangeweza kwenda bure. Akaufuata mparachichi, akapiga magoti, akalia vizuri sana.

"Na hapa amelala shangazi Naserian. Baba alikuwa akimlilia kila Krismasi. Ananishika mkono, ananiambia, Richard mwanangu, siku ukifika nyumbani, nisalimie dada yangu."

Wote wakanyamaza. Richard, kichwa chini, aliupima ukimya ule akaona unatosha shamba zima.

Mshili akakohoa kidogo. "Hanna," aliita kuelekea jikoni, "hebu njoo. Huyu Naserian ni nani?"

Mama alitoka na birika la chai, kitenge kiunoni, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba ile ile.

"Ni wangu, baba mdogo," alisema. "Nilimzaa Jumatatu asubuhi kazini kwa kalamu ya bluu, na kufika chai ya saa nne nilikuwa nimeshamzika."