Sauti Iliyorudishwa

Siku hizi mtoto akitimiza miaka kumi na mitano hurudisha sauti ya mama yake, ile aliyotiwa sikioni siku ya kuzaliwa, baada tu ya adhana. Saumu wangu alinirudishia Ijumaa moja, ndani ya kikopo cha bati.

"Mama, usinune. Wewe mwenyewe si ninawe hapa?"

Tangu baba yake afariki tuko wawili tu. Nikakiweka kikopo kabatini, nikamwombea Saumu dua. Alhamdulillahi, mtoto alinawiri. Akaacha kung'ata kucha, akawa anacheka mpaka majirani wanasikia.

Kikopo hakikunyamaza. "Saumu, funika kichwa. Saumu, yule ni nani? Saumu, rudi." Kumbe ndivyo nilivyokuwa, miaka yote hiyo!

Jana alasiri alikwenda kwa shoga yake. Kikopo kikasema, "Funga mlango." Nikainuka, nikafunga, nikarudi kupeta mchele.

Saumu akabisha. "Mama, mbona umenifungia?"

Kabla sijafumbua kinywa, kabati likamjibu kwa sauti yangu: "Nakufungulia, mwanangu. Ila ukiingia, hutoki tena."

Nikasikia viatu vyake vikirudi nyuma. Nilitaka kumwita, nikaogopa sauti itakayotoka.