Siku ya Mvua Haibaki

Katika hoteli zote za ufukweni, siku ya mvua hufutwa vichwani mwa wageni jioni ileile, ili warudi nyumbani na kumbukumbu za jua tu. Kwa hiyo mvua ilipowafungia chumbani, Tausi alikaa sakafuni kucheza mdako na Salha, binti wa mumewe, ilimradi siku iishe. Kijiwe kikamponyoka.

"Mama, umeungua!" Salha akapiga kelele, akicheka.

Tangu harusi alikuwa akimwita anti.

Mlango ukagongwa. Mhudumu akaingia na kofia zake za kufutia.

"Siku hii tuachie, kaka," Tausi akamsihi.

"Imenyesha, dada. Nifanyeje?"

Tausi akamgeukia mtoto. "Niite tena."

"Mama," Salha akasema, huku akivalishwa kofia.