Dawa ya Magoti ya Xaveria

Gari la Kiteto lilikuwa limeshaanza kusogea Kasimiri aliposhuka kwa mguu mmoja, ule mzima. Coletha, jirani yao wa Nakwa, alikuwa amempigia simu.

"Shikamoo baba. Mama Venance kaanguka. Magoti yamegoma."

"Marahaba. Mwambie asife, nakuja na dawa."

Akachechemea hadi vichakani nyuma ya Bagara, akachimba. Mmea wenyewe haujulikani na wengi: kimo cha mbuzi, maua ya buluu kama vipepeo, majani ukiyafikicha yananuka hadi mbuzi anageuza shingo. Wamasai wa Simanjiro ndio waliomwonyesha mzizi wake. Wao huuchemsha kwenye supu ya nyama kwa ajili ya maungo. Huo mzizi ndio elimu yake yote. Shule aliipitia kama mnada: darasa la pili Mbulu, la tatu Katesh, la nne hakulikuta.

Xaveria, mkewe, alikuwa kitandani, miguu juu ya mto, akiguna. Kasimiri akauchemsha mzizi, akamletea kikombe.

"Na goti lako je, Baba Venance?"

"Hili ni buti tu linabana. Mimi na dawa wapi na wapi! Dawa ni za wagonjwa."

"Haya. Lakini kwetu anayeleta kikombe ndiye anayetangulia kunywa. Au umenitilia kitu?"

Kasimiri akaonja.

"Hapo umelamba. Mwenye nia njema hunywa nusu."

Akanywa nusu, uso umekunjamana kama soksi. Asubuhi nusu, jioni nusu, mwezi mzima. Safari inamwita, naye kafungwa na magoti ya mtu mwingine! Kila siku alilala hadi jua kali akijihurumia, kisha akaamka kuchemsha.

"Leo unasikiaje?"

"Bado kidogo. Ongeza mizizi."

Siku Xaveria aliposimama, Kasimiri nusura alie. Akajiita daktari mara mbili, akaruka kizingiti, akawahi gari.

Baada ya hapo, Coletha alihamia Maisaka. Kasimiri alifika Kiteto, akazunguka vijiji vyote bila kuchechemea, akimsimulia kila aliyekutana naye jinsi alivyomponya mkewe. Xaveria alivuna mahindi mazuri kutoka shamba alilolipalilia peke yake kila alfajiri ya mwezi ule, daktari akiwa bado anakoroma. Xaveria mwenyewe, goti halijawahi kumuuma maishani.