Mfupa Shingoni mwa Gitaa

Subira huvuta heri, husema watu wa mji ule. Nyumbani kwa Mashavu ilivuta kutu, tena kwenye nyuzi za gitaa la umeme la mumewe Kibwana, lililoning'inia ukutani tangu msumeno wa kiwandani ulipomkata vidole vyote vya mkono wa kushoto.

Siku hiyo Mashavu akalishusha. Akakigonga kwa nyundo kile kipande cha plastiki kinachozishika nyuzi juu ya shingo, kikang'oka kimepasukapasuka. Mahali pake akagandisha mfupa wa ng'ombe alioutengeneza mwenyewe kwa tupa, mifereji yake ikiwa kinyume, ili nyuzi nene zikae palipokuwa pa nyembamba. Sasa mkono wa kulia ungebonyeza, na kigutu kingepiga.

Kibwana alikuwa amesimama mlangoni. "Nani kakwambia uliguse?"

"Nimekugeuzia, ujifunze upande wa pili."

"Lilikuwa linanisubiri nipone."

"Vidole havioti tena, baba Zuhura."

Mashavu akaupiga uzi mnene ili mumewe asikie. Ukakoroma. Mfereji aliuchimba mno, uzi ukalalia vyuma vya shingo. Akapiga wa pili, nao ukakoroma. Kipande cha zamani kilikuwa sakafuni, hakiungiki.

Kibwana akaja, akalaza kigutu juu ya nyuzi, zikanyamaza.

"Umenizika, mama Zuhura. Niombe radhi."

Tupa ilikuwa bado mkononi mwa Mashavu, imejaa unga mweupe wa mfupa.

"Siombi."