Mtu wa Nne Ukutani

Fundi cherehani alikuwa akipinda suruali ya mteja alipoinua macho, akamwona mumewe akimtazama kutoka ng'ambo ya barabara.

Sindano ilimchoma kidole. Mumewe alikuwa amezikwa miaka tisa iliyopita.

Kumbe ni mchoro. Kwa wiki tatu mchoraji, mwanamke mgeni wa makamo, alikuwa akipamba kuta za mtaa ule uliochakaa: maua kwenye duka la dawa, ndege kwenye mashine ya kusaga, na sasa sura za watu kwenye ukuta wa fundi viatu. Watatu wa kwanza walijulikana: muuza magazeti, mkunga, na fundi viatu mwenyewe. Wa nne ndiye marehemu. Nyusi zilizokutana, kovu la kidevuni, hata ile tabia yake ya kucheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kosa lilikuwa moja tu: ndevu zilitiwa mvi, na marehemu alikufa hana hata unywele mmoja mweupe.

Picha zake zilibaki mbili, zote zimo kabatini, na ufunguo fundi cherehani anatembea nao. Basi mwanamke huyu alimjulia wapi mume wa mtu, tena mpaka kicheko?

Alimpigia simu shemeji yake, mdogo wa marehemu. Huyo ndiye aliyekwenda kuileta maiti baada ya lori alilokuwa akiendesha marehemu kuungua safarini, akarudi na sanduku lililopigiliwa misumari, akamsihi asilifungue, abaki na sura aliyoizoea. Tangu hapo amekuwa nguzo yake. Ndiye anayelima shamba la marehemu, na kila mavuno hakosi kumletea gunia la mahindi.

Shemeji alifika mchana ule ule. Aliutazama ukuta kitambo, jasho likimtiririka ingawa jua lilikuwa limefunikwa na mawingu.

"Shemeji, nilikuficha," alisema mwishowe, macho chini. "Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Kaka alikuwa na mwanamke huko safarini, na bila shaka ni huyu. Usiongee naye. Kesho naleta chokaa, tupake, yaishe."

Akaondoka, hata maji hakunywa.

Fundi alirudi kwenye suruali, na alipoiinua akakuta ameishona miguu yote miwili pamoja, utadhani ni gunia. Miaka tisa anamlilia mtu aliyekuwa akimcheka! Alisimama, akavuka barabara, mkasi ungali mkononi.

Mchoraji alikuwa juu ya ngazi akifuta brashi. Fundi hakumsalimu. Alimuuliza alianza lini kutembea na marehemu mume wake, na walizaa wangapi.

Mchoraji alishuka taratibu. Aliutazama mkasi, kisha mwenye mkasi, kisha akazipitia upya sura zote nne.

"Marehemu yupi, mama?"

"Huyo wa mwisho. Mwenye kovu."

"Huyo ndiye aliyetoa rangi," mchoraji alisema. "Jumatatu alinipakilia makopo kwa mikono yake, akaniomba jambo moja tu: nimchore alivyo sasa, kwenye ukuta unaotazamana na fundi cherehani."